Chupa Haisemi, Mkojo Unasema: Kutambua Dawa Zilizofichwa katika Virutubisho

Mwishoni mwa Desemba 2018 mamlaka ya dawa ya Uganda iliwaandikia wenzao wa Zambia barua isiyo ya kawaida. Mwanamume mmoja nchini Uganda alikuwa amelalamika kwamba baada ya kunywa kinywaji cha kuongeza nguvu kilichotengenezwa Ndola alitokwa jasho mfululizo, na uume wake ulisimama kwa muda wa karibu saa sita. Kinywaji kilipofikishwa maabara kilikutwa na sildenafili, yaani dawa ile ile ijulikanayo duniani kwa jina la Viagra, ambayo kwa kawaida hutolewa kwa cheti cha daktari. Lebo haikuitaja. Vipimo vilivyofuata ndani na nje ya Zambia vilithibitisha matokeo hayo, na mwanzoni mwa 2019 kinywaji kikaamriwa kuondolewa sokoni.

Kisa hiki kinaihusu Tunduma moja kwa moja. Lori linalotoka Ukanda wa Shaba wa Zambia kuelekea Afrika Mashariki lina njia chache, na iliyo kuu kati ya hizo hupita Nakonde na kuingia Tunduma. Mji huu ni mji wa foleni. Malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia, Kongo na kusini zaidi husimama hapa, na yanayorudi husimama pia. Kituo cha huduma kwa pamoja mpakani, kilichozinduliwa 2019, kilikusudiwa kufupisha kusubiri, lakini kusubiri kungalipo. Dereva aliyelala kitini siku tatu hununua kinachomweka macho, na mjini kuna watu wengi walio tayari kumuuzia: vinywaji vya makopo, vidonge vya nywele na kucha, unga wa kujenga misuli, chai za kupunguza tumbo, dawa za maji za kunenepesha, na bila shaka vumbi la Kongo, ambalo kila muuzaji ana lake. Baadhi ya bidhaa hizi hupita kituoni na kukaguliwa. Nyingine hupita njia za panya.

Nchini Uganda kinywaji kilipatikana, kikapimwa, kikajulikana. Mgonjwa wetu aghalabu hafiki hospitalini na chupa. Chupa imetupwa Mpemba, mwili umefika Vwawa. Anaulizwa ametumia nini, anajibu kwamba hakutumia dawa yoyote, na kwa namna yake anasema kweli, kwa kuwa alichokunywa hakikuitwa dawa. Hapo ndipo damu na mkojo huulizwa badala yake. Makala haya yanaeleza jinsi vinavyojibu, mahali vinaposhindwa, na mambo ambayo mhudumu wa afya katika Mkoa wa Songwe anaweza kuyafanya kwa vifaa alivyo navyo.

Hakuna kipimo cha "kila kitu"

Wagonjwa wengi huomba kupimwa "damu yote" ili ijulikane kama kuna kitu kibaya mwilini. Ombi hilo linaeleweka, lakini hakuna mashine inayolitimiza. Maabara hujibu swali iliyoulizwa. Kipimo cha wingi wa damu huhesabu chembechembe. Stiki ya mkojo hutafuta sukari, protini, damu na vitu vingine vichache. Hata stiki zile za kutambua bangi, heroini na kokeini hazimsaidii mtu aliyekunywa sildenafili, kwa sababu kila mstari juu ya stiki hutegemea kingamwili iliyotengenezwa kutambua molekuli ya namna moja na jamaa zake wa karibu. Ikipita molekuli ya ukoo mwingine, stiki hukaa kimya, na mgonjwa huambiwa kwamba yuko safi.

Kikwazo cha pili ni wingi. Ndani ya kidonge dawa hupimwa kwa miligramu. Mtu akimeza miligramu 100 za sildenafili, kilele chake katika damu huwa takribani nanogramu 440 kwa mililita. Nanogramu ni sehemu moja ya milioni ya miligramu. Kwa lugha ya jikoni, ni sawa na kutafuta punje saba au nane za chumvi ya mezani zilizoyeyushwa katika lita nzima ya damu, pamoja na protini, mafuta na maelfu ya kemikali nyingine ambazo mwili hujitengenezea wenyewe. Ndiyo maana lile sanduku la maabara ndogo ambalo wakaguzi wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, hulitumia kuchunguza dawa nje ya maabara kuu, lenye vibao vya kutenganisha kemikali kwa rangi na umbali, lina manufaa makubwa kwa vidonge lakini haliwezi kutumika kwa damu.

Kwa damu na mkojo hutumika mashine mbili zilizounganishwa. Ya kwanza ni kromatografia ya kimiminika. Fikiria abiria walioshuka pamoja kutoka basi moja, nao wanapaswa kuvuka soko ili watokee upande wa pili. Asiye na haja na soko hupita upesi; apendaye kusimama kila meza hukawia. Walioingia kwa mkupuo hutoka mmoja mmoja, kila mmoja kwa wakati wake. Ndivyo kemikali zilizomo katika mkojo zinavyosukumwa ndani ya bomba jembamba lililojazwa unga maalumu: zile zinazovutwa sana na unga huchelewa, zisizovutwa hutangulia, na muda wa kutoka huwa dalili ya kwanza ya utambulisho.

Dalili moja haitoshi. Mashine ya pili, spektrometa ya masi, ni mizani. Wakazi wa Tunduma wanaijua mizani ya Mpemba: lori hupandishwa, uzito husomwa. Lakini malori mawili yanaweza kuwa na uzito mmoja huku moja limebeba saruji na jingine shaba, na atakaye uhakika hufungua turubai na kupima mizigo vipande vipande. Spektrometa hufanya hivyo hivyo. Molekuli ya sildenafili iliyopewa chaji husomeka 475. Kisha hugongwa na gesi hadi ikavunjika, na vipande vyake navyo hupimwa. Miongoni mwake kuna cha 283 na cha 100. Kemikali iliyotoka kwa wakati wake, yenye uzito wake, na iliyovunjika kwa namna yake, haichanganywi kirahisi na nyingine.

Watengenezaji wa bidhaa haramu wanalijua hilo, nao wamebuni hila. Hubadilisha molekuli kidogo tu, kiasi cha kuifanya iendelee kufanya kazi lakini isomeke vingine. Wakiongeza kaboni moja na haidrojeni zake mbili, 475 huwa 489. Wakiondoa oksijeni moja na kuweka salfa mahali pake, huwa 491. Maabara iliyoagizwa kutafuta 475 pekee itatoa jibu la "haikuonekana", na jibu hilo litakuwa sahihi na lisilo na faida. Molekuli hizi za binamu hazijawahi kupitia majaribio yoyote ya usalama kwa binadamu, na kwa maoni yangu ni hatari kuliko dawa yenyewe. Kwa hiyo maabara zenye uwezo hutafuta pia vipande: binamu hao wakivunjwa, aghalabu huacha baadhi ya vipande vinavyofanana, kama ndugu wanaofahamika kwa pua.

Damu au mkojo?

Swali hili huulizwa na wahudumu kila mara, na jibu hutegemea tunataka kujua nini. Damu hueleza kilichomo mwilini sasa hivi na kwa kiasi gani, kwa hiyo ndiyo inayolingana na dalili za mgonjwa. Walakini damu husahau upesi. Sildenafili hupungua kwa nusu kila baada ya saa nne hivi; baada ya siku nzima imebaki sehemu moja ya 64 ya kilele chake. Mgonjwa aliyekunywa Jumamosi usiku, akasubiri aibu impungue, akafika Jumatatu asubuhi, damu yake huenda haina la kusema.

Mkojo hukumbuka zaidi. Figo hukusanya kwa saa nyingi kile ambacho damu imekipitisha kidogo kidogo, na mkojo hupatikana kwa wingi bila sindano. Lakini kinachofika katika mkojo mara nyingi si dawa iliyomezwa bali mabaki yake yaliyokwisha kukatwakatwa na ini. Ini huing'oa sildenafili kikundi kimoja cha kaboni na kuacha jamaa yake ambaye bado ana nguvu kiasi. Sehemu kubwa ya mabaki yote, takribani asilimia 80, hutoka kwa choo kikubwa, na asilimia 13 hivi tu kwa mkojo. Mtaalamu wa maabara asiyeyajua mabaki hayo atatafuta mzazi katika nyumba walimobaki watoto. Mkojo una udhaifu mwingine: aliyekunywa maji lita tatu ana mkojo mwepesi, na kiasi kinachosomwa hakina maana mpaka kilinganishwe na kreatinini iliyomo katika mkojo huo huo. Hivyo, ukiweza, chukua vyote viwili, uandike saa.

Somo la Singapore

Mwaka 2008, kati ya Januari na mwishoni mwa Mei, hospitali tano za umma nchini Singapore zilipokea wagonjwa wapatao 150 walioanguka kwa sukari kushuka mno, ilhali hawakuwa na kisukari. Wote walikuwa wanaume isipokuwa mmoja. Saba kati yao hawakuzinduka kwa sababu ubongo ulikuwa umekosa sukari kwa muda mrefu. Wanne wakafa baadaye. Walipohojiwa, 45 tu walikiri kutumia dawa za nguvu za kiume. Damu na mkojo havikuona haya: kwa wagonjwa 127 vilikutwa na glibenklamidi, dawa ya kawaida kabisa ya kushusha sukari, ambayo wenye kisukari hapa kwetu wanaifahamu kwa vidonge vya miligramu 5.

Bidhaa zilipokamatwa zilikuwa na sildenafili pamoja na glibenklamidi kati ya miligramu 13 na 100. Iliyo kali kuliko zote, basi, ilikuwa sawa na vidonge 20 vya kisukari kwa mkupuo mmoja. Moja ya bidhaa hizo ilikuwa nakala bandia ya dawa maarufu. Tatu zilidaiwa kuwa za mitishamba. Mtu aliyetaka usiku wa furaha hakuwa na sababu hata chembe ya kuhofia sukari yake.

Nimekaa juu ya kisa hiki kwa kuwa kinafundisha jambo ambalo kile cha kinywaji cha Ndola hakifundishi. Dawa iliyofichwa si lazima iwe ile unayoitarajia. Aliyelalamikia nguvu za kiume aliumizwa na dawa ya kisukari. Kwa namna hiyo hiyo, mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya juu ya kirutubisho cha viungo kiitwacho Artri King, ambacho kilikutwa na diklofenaki na deksamethasoni. Anayemeza bidhaa ya namna hiyo kwa miezi huvimba uso, sukari hupanda, shinikizo la damu hupanda. Ukimpima kotisoli asubuhi, unaikuta iko chini mno, jambo linaloshangaza kwa mtu ambaye sura yake inaonyesha kotisoli imezidi. Mgongano huo wa sura na kipimo ndio ufunguo: kuna steroidi inayotoka nje, nayo imezilaza tezi za juu ya figo. Mgonjwa huyo asiambiwe aitupe bidhaa leo hii na kurudi nyumbani. Akiacha ghafla anaweza kuanguka kwa shinikizo kushuka, kwa kuwa tezi zake bado zimelala. Apelekwe kwa daktari, apunguziwe kwa utaratibu.

Mgonjwa akifika amezimia

Tuseme saa nane za usiku dereva analetwa katika kituo cha afya Tunduma, hajitambui, amelowa jasho, kipima sukari kinasoma 1.6. Malaria kali hushusha sukari. Pombe kwa mtu asiyekula hushusha. Maambukizi makali katika damu na ini lililoshindwa hushusha pia. Haya yatafutwe kwanza, kwa sababu ndiyo ya kawaida. Lakini kama kipimo cha malaria ni hasi, hanuki pombe, hana homa, na wenzake wanasema hana kisukari, glibenklamidi iliyofichwa iingie katika orodha.

Tiba haisubiri maabara. Hata hivyo, wakati mshipa unatafutwa kwa ajili ya glukosi, damu inaweza kutoka kwa sindano ile ile bila kupoteza hata dakika moja. Tyubu ya kifuniko cha kijivu ni ya sukari, ili chembe za damu zisiendelee kuila sukari ndani ya tyubu. Tyubu nyingine iwe ya seramu, itenganishwe mapema na kugandishwa. Kisha mkojo wa kwanza utakaopatikana, mililita 30 hadi 50, katika kichupa safi bila dawa yoyote ya kuhifadhi. Damu iliyochukuliwa saa tatu baada ya dripu ya glukosi haiwezi tena kueleza mwili ulikuwaje mgonjwa alipoanguka, na hakuna mashine ya mjini iwezayo kulirudisha hilo.

Seramu hiyo inaweza kujibu swali kubwa hata kabla ya spektrometa. Kongosho linapotoa insulini hutoa pia peptidi-C kwa kiasi sawa. Insulini ikiwa juu na peptidi-C iko chini, mtu amechomwa sindano ya insulini. Zote mbili zikiwa juu wakati sukari iko chini, kongosho lenyewe linalazimishwa, na kinacholilazimisha ni uvimbe, ambao ni nadra, au dawa ya jamii ya glibenklamidi. Kuvitofautisha hivi viwili ndiyo kazi ya kutafuta dawa yenyewe katika damu au mkojo.

Kuna jambo la tiba lisilopaswa kusahauliwa. Mgonjwa wa glibenklamidi huzinduka baada ya glukosi, huomba radhi, na kudai lori lake. Asiruhusiwe. Dawa hiyo huendelea kufanya kazi kwa saa 24, na zaidi kwa mwenye figo dhaifu. Glukosi uliyompa nayo huliamsha kongosho litoe insulini zaidi. Sukari itashuka tena, safari hii akiwa peke yake kwenye mteremko. Alazwe angalau siku nzima, apimwe kila saa mwanzoni, ale, na dripu iendelee.

Kuhusu safari ya sampuli, kutoka Tunduma hadi Mbeya ni kilomita mia moja na ushee, na hadi Dar es Salaam ni zaidi ya 900. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina ofisi ya kanda Mbeya, na TMDA pia ina ofisi ya kanda huko. Ya kwanza hushughulikia sampuli za mwili zinazotiliwa shaka ya sumu. Ya pili, bidhaa zinazotiliwa shaka kuwa zina dawa. Tangu 2019 udhibiti wa chakula umekuwa chini ya Shirika la Viwango, TBS, kwa hiyo chupa moja iliyoandikwa "kirutubisho" inaweza kuwa ya TBS kwa lebo yake na ya TMDA kwa kilichomo. Mganga wa kituo asisumbuke kuamua ni ya nani. Aripoti madhara kwa TMDA kupitia mfamasia wa wilaya, na awaachie wao kugawana.

Sampuli iandikwe jina au namba, tarehe, na saa mbili: saa mgonjwa aliyotumia bidhaa, kama inajulikana, na saa sampuli iliyochukuliwa. Isafiri katika kisanduku chenye barafu. Fomu ya maabara iseme wazi unachokishuku. "Pima sumu" si ombi. "Sukari 1.6, hana kisukari, alitumia unga wa nguvu za kiume saa tano za usiku, tafuta dawa za jamii ya glibenklamidi na sildenafili pamoja na binamu zake" ni ombi ambalo mkemia anaweza kulifanyia kazi. Na bidhaa yenyewe ikipatikana iende, hata pakiti tupu, kwa sababu vumbi lililobaki kwenye kona za pakiti lina dawa nyingi kuliko damu yote ya mgonjwa.

Virutubisho halali vinavyoidanganya maabara

Si kila tatizo ni la ulaghai. Bayotini ni vitamini halali, na mtu mzima huihitaji kwa kiasi kidogo sana, mikrogramu 30 hivi kwa siku. Vidonge vya nywele na kucha mara nyingi huwa na mikrogramu 5,000 au 10,000. Mwili hauzidhuru, figo huzitoa. Lakini mashine nyingi za kupima homoni hutumia bayotini kama gundi ndani ya kitendanishi, na bayotini inayotoka kwa mgonjwa huichezea gundi hiyo. Matokeo hupotoka pande mbili kutegemea aina ya kipimo: TSH husomeka chini kuliko ilivyo, homoni za tezi ya shingo husomeka juu, na mwanamke mzima wa afya huonekana ana ugonjwa wa tezi na pengine kuanzishiwa dawa. Troponini, kipimo cha mshtuko wa moyo, husomeka chini. Novemba 2017 mamlaka ya Marekani ilitoa onyo baada ya kupokea taarifa ya kifo cha mgonjwa ambaye troponini yake ilisomeka chini kwa sababu hii. Watengenezaji kadhaa wamerekebisha vitendanishi tangu hapo. Mteknolojia asome maelezo ya kitendanishi chake ajue kiko upande gani. Kwa mgonjwa, tiba ni rahisi: aache vidonge hivyo siku mbili kabla ya kupimwa homoni, na akifika na maumivu ya kifua aseme kwamba anavitumia.

Vitamini C kwa wingi huzuia rangi kwenye stiki ya mkojo, sukari na damu vikaonekana havipo. Kreatini ya wanaojenga misuli hugeuka kreatinini, na figo nzima zikaonekana zimelegea. Vitamini B2 huufanya mkojo uwe wa njano inayong'aa. Wapo wanaokimbilia hospitali wakidhani ni manjano ya ini, na watafiti kwa upande wao huichanganya kwa makusudi katika vidonge vya majaribio ili wajue nani anameza na nani anatupa.

Kuuliza

Kabla ya mashine yoyote kuna ulimi. Swali la "unatumia dawa gani?" halifai, kwa sababu unga uliowekwa kwenye uji si dawa kwa aliyeuweka. Uliza kwa majina ya vitu: chai, unga, mafuta, kinywaji cha kopo, asali yenye mizizi, vidonge vya mazoezi, vidonge vya nywele, sindano ya kung'arisha ngozi. Uliza mke akiwa nje ya chumba, au mume akiwa nje. Mwanamume mtu mzima akiulizwa na binti muuguzi wa umri wa mwanawe huenda asijibu kabisa. Si ukaidi, ni haya, na kumwita mhudumu wa kiume mwenye umri si kumdharau binti.

Mahojiano haya yana uzito hasa kwa makundi mawili. La kwanza ni wenye ugonjwa wa moyo wanaotumia dawa za nitrati, kama ile ya kuweka chini ya ulimi. Sildenafili na nitrati zikikutana, shinikizo la damu huporomoka kiasi cha kuua. Mgonjwa wa maumivu ya kifua aliyekunywa kinywaji chenye sildenafili bila kujua anaweza kuuawa na tiba sahihi aliyopewa kwa nia njema, kwa hiyo swali lije kabla ya kidonge. La pili ni wanaotumia ARV za mstari wa pili zenye ritonaviri. Ritonaviri huizuia ini kuivunja sildenafili, na kwa dozi zake kubwa kiasi cha sildenafili katika damu hupanda hadi mara 11. Daktari akijua, humwandikia mgonjwa huyo miligramu 25 zisizozidishwa ndani ya saa 48. Unga wa barabarani haujui lolote kuhusu ARV za mnunuzi wake. Mwenye shida ya nguvu za kiume aseme kliniki ile ile anakochukua dawa. Shida hiyo ina tiba, na mara nyingi ni dalili ya kwanza ya kisukari au shinikizo la damu ambalo halijagunduliwa.

Wagonjwa wengine huficha kwa hofu ya polisi, hasa wakisikia sampuli inakwenda kwa Mkemia Mkuu, jina wanalolifahamu kutokana na habari za kesi za mauaji na dawa za kulevya. Waelezwe hapo hapo kitandani, kabla ya kichupa cha mkojo kutolewa: sampuli ya tiba hutumwa na daktari kwa ajili ya tiba, na majibu hurudi katika faili lao. Aliyenunua kinywaji na kukinywa hakuvunja sheria ya dawa. Swali la kisheria liko kwa aliyekitia dawa na kukiuza bila kusajili. Akishaelewa hilo, mara nyingi mgonjwa huingiza mkono mfukoni na kuitoa pakiti mwenyewe.